Vikombe vya Kudumu vya Kunywea: Maswali na Majibu kuhusu Kuvichagua, Kuviosha na Kuvitumia kwa Usalama

Swali: Kikombe ni chombo cha kawaida kabisa. Kwa nini kiingizwe katika mazungumzo ya afya?

Jibu: Kwa sababu hugusa midomo mara nyingi kwa siku na hukaa na unyevu kwa saa nyingi, na vijidudu havihitaji zaidi ya unyevu, mabaki kidogo ya kinywaji na muda wa kutosha. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika shule na vituo vya treni vya Marekani, watu walikunywa maji kwa kikombe kimoja cha wote kilichowekwa kando ya bomba au ndoo. Mwaka 1909 jimbo la Kansas, kwa msukumo wa daktari Samuel Crumbine, likawa jimbo la kwanza kukipiga marufuku kikombe hicho, na vikombe vya karatasi vya kutumiwa mara moja vikapata soko kubwa kutokana na hofu ya magonjwa. Kwa hiyo kikombe cha kutupa, ambacho leo hulaumiwa kwa kujaza majalala, kilienea kwanza kama kifaa cha afya. Anayekiacha na kurudia kikombe cha kudumu anajitwika upya kazi ambayo kile cha kutupa kilimwondolea, yaani kuosha. Kazi hiyo ni nyepesi mradi kikombe chenyewe kinakubali kuoshwa, na hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea, kwa kuwa huchagua kwa rangi na umbo na kusahau kutazama kifuniko.

Swali: Kikombe cha malighafi gani ni salama zaidi?

Jibu: Kwa matumizi ya kila siku, kioo na chuma cha pua ndivyo vinavyoleta wasiwasi mdogo kuliko vingine. Kioo hakiachi ladha wala kemikali katika kinywaji, hakinyonyi harufu, na uchafu huonekana mara moja. Kasoro yake ni kuvunjika, hasa kioo cha kawaida kinapomiminiwa maji yanayochemka ghafla hali bado ni baridi. Chuma cha pua kinachotumika sana katika vyombo vya chakula huandikwa 304 au 18/8, maana yake kina takriban asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli. Kromiamu hiyo hutengeneza juu ya chuma utando mwembamba sana unaozuia kutu na unaojirudisha wenyewe ukikwaruzwa. Mtu mwenye mzio wa nikeli anaweza kupendelea kioo, hasa kwa vinywaji vichachu.

Vikombe vya alumini kwa kawaida hupakwa utando ndani ili kinywaji kisiguse metali, kwa hiyo utando huo ukichubuka kikombe hakifai tena kwa juisi na vinywaji vingine vyenye asidi. Vikombe vya shaba visivyopakwa kitu ndani visitumike kabisa kwa vinywaji vya limau, siki au juisi, kwani asidi huyeyusha shaba kiasi cha kuweza kusababisha kichefuchefu na kutapika.

Swali: Je, plastiki zote ni mbaya?

Jibu: La, lakini hazilingani. Tazama chini ya kikombe palipo na namba ndani ya pembetatu. Namba 5 ni polipropilini, plastiki inayostahimili joto vizuri na inayotumika sana kwa vikombe na vifuniko. Namba 7 maana yake ni “nyinginezo”, na ndani ya kundi hilo imo polikaboneti, plastiki ngumu na angavu inayotengenezwa kwa kemikali iitwayo bisfenoli A, ambayo inaweza kuigiza kazi ya homoni mwilini. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kemikali hiyo katika chupa za watoto wachanga mwaka 2011. Mwaka 2023 mamlaka yake ya usalama wa chakula ilishusha kiwango kinachovumilika kwa siku kutoka mikrogramu 4 hadi nanogramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, yaani mara 20,000. Kanuni iliyoanza kutumika Januari 2025 imeiondoa katika vyombo vya chakula kwa ujumla, huku viwanda vikipewa muda wa mpito.

Maandishi yanayodai kwamba kikombe hakina bisfenoli A husaidia kiasi tu, maana baadhi ya viwanda viliibadilisha kwa ndugu zake wa karibu, bisfenoli S na bisfenoli F. Kanuni rahisi ni kuitumia plastiki kwa vinywaji baridi au vuguvugu, na kuviachia kioo, kauri au chuma vile vya moto.

Swali: Na vikombe vinavyouzwa kama vya mianzi?

Jibu: Vingi vya aina hiyo ni unga wa mianzi uliogandishwa kwa plastiki ya melamini. Kinywaji cha moto kikimiminwa humo, melamini na fomaldehaidi, kemikali mbili zinazounda plastiki hiyo, zinaweza kutoka na kuingia kwenye kinywaji, na taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari za vyakula imeonya dhidi ya kuvitumia kwa vinywaji vya moto. Katika Umoja wa Ulaya, unga wa mianzi hauruhusiwi kuchanganywa katika plastiki ya vyombo vya chakula, na mwaka 2021 nchi wanachama zilianza msako wa pamoja wa kuviondoa sokoni. Kikombe kilichochongwa kutoka katika mwanzi wenyewe ni habari nyingine, ingawa nacho hupasuka na kuota ukungu kisipokaushwa vizuri.

Swali: Kikombe cha kauri kinaweza kuwa na madhara gani?

Jibu: Kauri iliyochomwa vizuri ni chombo kizuri sana. Hatari huwa katika rangi na mng'aro wa juu, ambao katika baadhi ya vyombo vya zamani au vilivyochomwa kwa joto dogo huwa na madini ya risasi, na katika rangi kali nyekundu, za machungwa na za njano, kadmiamu, metali nyingine yenye sumu. Kuhusu risasi, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto na mimba. Epuka kikombe chenye mapambo ndani au kwenye ukingo unaoguswa na midomo, na kile ambacho mng'aro wake umepasuka nyufa ndogondogo kama wavu. Kikombe cha kale cha kurithi kinapendeza zaidi kikiwa kabatini.

Swali: Nitazame nini kwenye kifuniko?

Jibu: Kifuniko kinastahili kuchunguzwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Mwili wa kikombe huwa laini na wazi, sabuni na sponji hufika kote. Kifuniko kina mpira wa kuzuia kuvuja, kina tundu la kunywea, pengine kina kitelezeshi, springi au mrija, na kila kiungo ni pango dogo lenye giza na unyevu. Ukitaka kuliona jambo hili mwenyewe, chukua kikombe ambacho kimetumika kwa chai ya maziwa kwa wiki chache, chomeka ncha butu ya kijiko chini ya mpira wa kifuniko na uung'oe taratibu. Mara nyingi utakuta mstari wa kijivu au mweusi unaoteleza kidoleni, wenye harufu ya maziwa yaliyoharibika, hata kama nje kifuniko kinang'aa. Huo ni utando wa bakteria na ukungu. Bakteria walio ndani ya utando huo hukaa wamefunikwa na ute waliojitengenezea, na ute huo huwakinga dhidi ya maji ya suuza na hata dhidi ya dawa. Huondolewa kwa kusuguliwa.

Kwa sababu hiyo, unapochagua, kifungue kifuniko papo hapo kabla ya kulipa. Mpira utoke bila kuhitaji kisu, kitelezeshi kichomoke, mrija upate brashi inayoupenya, na mdomo wa kikombe uwe mpana kiasi cha kuingiza mkono au walau brashi. Kifuniko ambacho hakifunguki chote hakiwezi kusafishwa chote, hata kama kimetengenezwa kwa malighafi bora namna gani. Kwa maoni yangu, sifa hii ina uzito zaidi kwa afya ya mtumiaji kuliko mabishano mengi kuhusu chuma na plastiki.

Swali: Kioshwe vipi, na mara ngapi?

Jibu: Kila siku kinapotumika kwa maji, na mara tu baada ya kutumika kwa maziwa, chai ya maziwa, uji, juisi au kinywaji cha protini. Tenganisha sehemu zote, sugua kila moja kwa sabuni na maji ya moto, pitisha brashi nyembamba kwenye mrija na kwenye mfereji unaokaa mpira, suuza kwa maji safi, kisha ziache sehemu zikauke zikiwa bado zimetenganishwa. Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi. Kikombe kilichooshwa vizuri kisha kikafungwa kingali na maji ndani kinarudishiwa unyevu ule ule uliokuwa unapigwa vita. Kukausha kwa kitambaa cha jikoni kilichokwisha kufuta meza hakusaidii, hewa inatosha.

Harufu au madoa ya chai yakibaki, weka kijiko cha soda ya kuokea na maji ya moto, acha kwa saa moja au zaidi, sugua na usuuze. Magamba meupe ya maji ya chumvichumvi huondolewa kwa siki iliyochanganywa na maji. Plastiki na kioo vinaweza kutakaswa kwa dawa ya klorini isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chai katika lita moja ya maji, kwa dakika chache, ikifuatiwa na kusuuza vizuri. Usitumie klorini kwenye chuma cha pua, kwa kuwa hukitoboa vishimo vidogo, na kamwe usiichanganye na siki, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Swali: Kikombe kinachohifadhi joto kinaweza kukaa na chai ya maziwa siku nzima?

Jibu: Hapa kuna mambo mawili. La kwanza ni vijidudu: Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kiwekwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi au juu ya nyuzi 60, kwa sababu katikati ya hapo bakteria huongezeka haraka. Kikombe kizuri hukaa juu ya 60 kwa saa kadhaa, halafu hushuka polepole mno na kupitia eneo la hatari kwa muda mrefu kuliko kikombe cha kawaida. Maziwa yaliyokuwa ya moto asubuhi na sasa ni vuguvugu yamwagwe. Isitoshe, maziwa au juisi iliyoanza kuchacha ndani ya kikombe kilichofungwa hutoa gesi, na kifuniko kinaweza kuruka usoni kinapofunguliwa. Ndiyo sababu pia soda na vinywaji vingine vyenye gesi haviwekwi katika vikombe visivyotengenezwa kwa kazi hiyo.

La pili husahaulika kabisa. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliainisha unywaji wa vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, kuwa jambo ambalo huenda likasababisha saratani ya umio. Lawama ilikwenda kwa joto. Kahawa na majani ya chai havikuwa kisababishi. Katika kikombe cha wazi, chai iliyochemka hupoa chini ya kiwango hicho baada ya muda mfupi, lakini katika kikombe chenye kuta mbili inaweza kubaki juu yake kwa saa nyingi, na mnywaji huipiga funda moja kwa moja kupitia tundu dogo bila kuuona mvuke. Acha kinywaji kipoe kabla ya kufunga kifuniko.

Swali: Je, kuchangia kikombe kunaambukiza kifua kikuu au virusi vya UKIMWI?

Jibu: Hapana, vyote viwili haviambukizwi kwa njia hiyo. Kifua kikuu husambaa kwa hewa, mgonjwa anapokohoa au kuzungumza, na kumtengea mgonjwa kikombe chake kwa hofu humdhalilisha tu bila kumkinga mtu yeyote. Yanayoweza kupitia mate yaliyobaki kwenye ukingo ni mafua, vidonda vya koo vya bakteria na malengelenge ya mdomo. Ni vyema basi kila mtu awe na kikombe chake, na kikipita kwa mwingine kioshwe kwanza.

Swali: Vipi kuhusu watoto?

Jibu: Kwa mtoto mchanga anayelishwa maziwa yaliyokamuliwa, kikombe cha wazi ni rahisi kukisafisha kuliko chupa yenye chuchu, na Shirika la Afya Duniani hukipendekeza kwa sababu hiyo. Kwa mtoto anayetembea, kikombe chenye mdomo wa kunyonya kisigeuzwe kitu cha kushikiliwa kutwa kikiwa na juisi au maziwa matamu, maana meno huogeshwa sukari bila kupumzika. Kati ya milo, maji yanatosha.

Swali: Ni wakati gani kikombe kinapaswa kuachwa?

Jibu: Plastiki ikikwaruzwa sana, ikipasuka au ikibaki na harufu baada ya kusafishwa, muda wake umekwisha. Mpira uliolegea au wenye madoa meusi yasiyotoka ubadilishwe, na viwanda vingi huuza mpira pekee. Kikombe cha kuhifadhi joto kipimwe kwa kukijaza maji yanayochemka na kusubiri dakika chache: ukuta wa nje ukiwa wa moto, ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa iliyo kati ya kuta, limepotea, na ingawa hakidhuru, hakihifadhi tena joto. Lakini kifuniko kidogo cha chini ya kitako kikibanduka, acha kukitumia mara moja na kiweke mbali na watoto, kwa sababu katika baadhi ya vikombe vya aina hiyo tundu la kutolea hewa huzibwa kiwandani kwa risasi, na kifuniko hicho ndicho kinachoitenga na mikono.