Spidi ya stoli ya konveta kwenye gari la turbo

Gari la otomatiki halina klachi ya mguu. Kati ya injini na giaboksi kuna konveta, duara la chuma lililovimba kama andazi na kujaa oili ya ATF, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki. Ndani yake mna pampu inayozungushwa na injini, turbini inayozungusha shafti ya giaboksi, na katikati steita, inayoelekeza oili inaporudi kwenye pampu na ambayo haina uhusiano wowote na stata ya kuwashia gari. Pampu hurusha oili, oili huisukuma turbini. Weka feni iliyowashwa mbele ya feni iliyozimwa, ile iliyozimwa itaanza kuzunguka. Hicho ndicho kinachotokea humo ndani.

Sasa izuie turbini isizunguke kabisa, yaani weka D huku breki imekanyagwa, kisha kanyaga mafuta mpaka chini. Injini itapanda, oili itakuwa nzito zaidi kuisukuma, na itafika mahali injini haiwezi tena kuongeza hata mzunguko mmoja. Rpm (mizunguko kwa dakika) za hapo ndizo spidi ya stoli. Kinachosimama ni turbini. Injini inaendelea kuunguruma. Kwa magari mengi ya kiwandani namba hiyo huangukia kati ya 1,800 na 2,500.

Kosa linalorudiwa sana ni kudhani namba hiyo ni ya konveta peke yake. Ukali wa oili hukua kwa mraba wa spidi: ukitaka rpm mara mbili, pampu inadai toki (nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa Nm) mara nne. Kwa hiyo stoli ni mahali ambapo toki ya injini na ukinzani wa oili vinakutana. Konveta inayosimama kwenye 2,000 nyuma ya injini inayotoa Nm 200, ukiifunga nyuma ya injini ya Nm 350, itasimama karibu na 2,650. Chuma ni kilekile. Muuzaji akikwambia "hii ni ya 3,000", muulize kwanza: nyuma ya injini ya toki kiasi gani?

Kwenye turbo jambo hili linazidi kunoga, kwa sababu toki yenyewe haitulii. Kabla busti (presha ya hewa ambayo turbo huisukumia injini) haijaja, injini ya turbo ni dhaifu, mara nyingi hata kuliko injini ya kawaida ya ukubwa uleule, kwani mgandamizo wake umepunguzwa makusudi. Ukishika breki na kukanyaga mafuta, sindano ya rpm inaweza kutulia kwenye 2,100. Sekunde moja baadaye moshi wa egzosi umeizungusha turbo, busti imeingia, toki imepanda, na sindano inasogea hadi 2,600. Hakuna kilichoharibika. Konveta inaipa injini mzigo, na mzigo ndio unaoamsha turbo.

Mfano mzuri ni injini ya Toyota 1JZ-GTE. Kwenye Toyota Chaser ya modeli ya JZX90 ilikuwa na turbo mbili, na toki yake ya juu, Nm 363, ilifika kwenye rpm 4,800. Kwenye JZX100, iliyotoka 1996, iliwekwa turbo moja na VVT-i (mfumo wa kubadili muda wa vali kufunguka), na Nm 378 zikapatikana kwenye rpm 2,400 tu. Gari la pili linaondoka likiwa tayari na nguvu zake. La kwanza linaanza safari chini kabisa ya eneo lake la nguvu. Ndiyo maana mtu anayefunga turbo kubwa inayoanza kazi 3,800 na kuacha konveta ya kiwandani hulalamika kwamba gari limekuwa zito kwenye mataa. Dawa ni konveta yenye stoli ya juu zaidi, inayoiwezesha injini kufika pale busti inapoanza kujengeka. Si lazima ifike kwenye kilele cha nguvu, na ukiizidisha utakuwa unachemsha oili kwa bei ghali: mtelezo mjini, mafuta mengi zaidi, na kupoza oili kwa rejeta yake ya ziada. Na stoli ya 3,000 haina maana kwamba gari halisogei mpaka 3,000. Ukikanyaga polepole linaondoka chini ya hapo kabisa.

Stoli pia ni kipimo cha uzima. Pasha oili mpaka nyuzi 50 hadi 80, hakikisha kiwango chake ni sahihi, weka kabari kwenye magurudumu yote manne, vuta hendibreki, kanyaga breki kwa nguvu kwa mguu wa kushoto. Mbele ya gari pasiwe na mtu. Weka D, kanyaga mafuta mpaka chini, soma rpm, achia. Sekunde tano ndio mwisho. Kisha weka N na uiache injini iungurume bila kukanyaga mafuta dakika moja kabla ya kurudia kwenye R.

Sekunde tano si urembo. Injini inayotoa Nm 250 kwenye rpm 2,500 inazalisha kilowati 65, na kwa kuwa gari halisogei, zote zinakuwa joto. Kama konveta ina lita tatu za oili, kwa sekunde tano oili hiyo ingepanda nyuzi kama 60, kama chuma kisingechukua sehemu yake. Tairi zikianza kuzunguka, achia mara moja. Namba hiyo si stoli tena.

Stoli ikizidi kiwango cha kitabu cha gari kwenye D na R, shuku oili pungufu au presha ndogo ya giaboksi. Ikizidi kwenye D peke yake, klachi ya kwendea mbele inateleza. Kwenye R peke yake, tafuta upande wa rivasi. Ikipungua kote, injini haina nguvu, au klachi ya njia moja ya steita, inayoizuia kuzunguka kinyume, imekufa. Toyota huweka mpaka: ikiwa chini ya kiwango cha kitabu kwa zaidi ya rpm 600, konveta ndiyo mshukiwa.

Lakini kwenye turbo, kagua busti kwanza. Hosi ya intakula (kipoza hewa ya turbo) iliyopasuka inashusha stoli vilevile, na ni nafuu mno kuliko kushusha giaboksi. Kimo nacho kina neno. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na presha ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 18 ukilinganisha na Mombasa. Kabla ya busti, gari lililosoma 2,200 Mombasa litasoma karibu 2,000 Nairobi likiwa zima kabisa. Na magari mengi mapya, yenye ekseleta ya umeme, hukata nguvu yanapohisi breki na mafuta vimekanyagwa pamoja. Hapo unachosoma ni uamuzi wa kompyuta, si stoli.