Je, wajua? Mitaa iliponyamaza mwaka 2020, ndege walishusha sauti

Watu walipoamriwa kukaa nyumbani kwa sababu ya korona, mitaa mingi duniani ilikuwa na habari moja: ndege wamezidisha kelele. Majirani waliokuwa wakipishana tu ngazini walianza kuulizana, dirisha kwa dirisha, ni ndege gani huyo wa alfajiri. Kusikia walisikia kweli. Walichokosea ni sababu.

Kipindi hicho kilizaa uzushi mwingi, kwa hiyo tuanze kupembua. Pomboo walioonyeshwa kana kwamba wamerudi kwenye mifereji ya Venice walipigwa picha bandarini Cagliari, kisiwa cha Sardinia. Bata maji wa Burano, kisiwa jirani na Venice, waliodaiwa pia kuwa wamerudi, huonekana pale mara kwa mara, korona iwepo isiwepo. Habari ya mbuzi walioingia mji wa Llandudno, huko Wales, ni kweli tupu: waliteremka kutoka mlima wa Great Orme wakatafuna bustani za watu.

Suala la ndege ni la kuvutia zaidi, maana ukweli wake uko kinyume kabisa na kilichodhaniwa. Elizabeth Derryberry, mtafiti wa nyimbo za ndege, na wenzake walikuwa na rekodi za shomoro wenye utosi mweupe (Zonotrichia leucophrys) wa eneo la San Francisco, Marekani, zilizochukuliwa miaka michache kabla ya korona. Walizilinganisha na za majira ya kuchipua ya 2020, wakati magari kwenye daraja la Golden Gate yalikuwa yamepungua hadi kiwango cha mwaka 1954. Shomoro walikuwa wameshusha sauti. Hata hivyo wimbo wao ulifika umbali maradufu.

Linawezekanaje? Fikiria watu wawili wanaoongea kando ya jenereta. Inaponguruma wanapaza sauti, na bado jirani aliye nyuma ya ukuta haambulii kitu. Ikizimwa, wanashusha sauti bila hata kujua, lakini jirani yule sasa anapata kila neno, pamoja na yasiyomhusu. Sauti imeshuka kidogo. Kelele iliyokuwa ikiifunika imeshuka zaidi. Kupaza sauti penye kelele huitwa athari ya Lombard, kwa jina la Étienne Lombard, daktari Mfaransa aliyeieleza kwa binadamu mwaka 1911. Ndege wanayo pia.

Hapo kuna hesabu tamu. Umbali wa kusikika ukiwa maradufu, eneo linalokufikia masikioni huwa mara nne. Kwa hiyo mtu aliyesimama dirishani palepale angeweza kusikia ndege mara nne ya aliozoea, bila hata mmoja kuongezeka.

Tusiseme, hata hivyo, kwamba hakuna walioongezeka popote. Utafiti mmoja wa Amerika Kaskazini uliona spishi nyingi zikibadili matumizi ya maeneo ya watu, nyingi zikisogea karibu, nyingine zikipungua. Tena, nchi nyingi za nusu ya kaskazini ya dunia zilifungiwa ndani Machi na Aprili, msimu ambao ndege huimba kuliko wakati wowote, na watu wenyewe walikuwa dirishani mchana kutwa.

Njia ya kutenganisha wingi wa nyimbo na wingi wa ndege ipo, na inahitaji majirani. Watatu au wanne, kila mmoja kwenye dirisha lake, walinganishe saa za simu na wasikilize kwa dakika 10 zilezile baada ya jua kuchomoza. Kila wimbo uandikiwe aina ya ndege, dakika na upande ulikotoka. Ndege wa aina moja wakiimba kwa wakati mmoja kutoka pande mbili, hao ni wawili bila ubishi. Wimbo wa dakika ya 3 mashariki na wa dakika ya 7 magharibi huenda ni wa dume mmoja aliyehama tawi. Ukiwahesabu wawili umejidanganya. Madirisha yanayotazama ukuta mrefu hupotosha, kwa kuwa mwangwi huja kutoka upande usio na ndege: weka viganja nyuma ya masikio, geuka taratibu, na uandike upande wenye sauti kali zaidi.

Andikeni na kelele pia. Dakika iliyopitiwa na pikipiki isihesabiwe kuwa ya ukimya wa ndege. Na orodha ya mwaka 2020 isiwekwe sambamba na ya leo kana kwamba zilitoka eneo moja: masikio ya leo, magari yakiwa yamerudi, huenda yanafikia robo tu ya eneo lile.