Metamofosisi kamili: kipepeo wa mndimu na nyigu wa udongo

Metamofosisi kamili ni hali ya mdudu kuishi katika maumbo manne yasiyofanana: yai, lava (mtoto anayekula na kukua; wa kipepeo huitwa kiwavi), pupa (hatua ya kutulia na kugeuka), kisha mdudu mzima. Tunutu hamo humu, maana yeye ni nzige tangu mwanzo, amepungukiwa mabawa tu. Lakini nani atamtazama kiwavi aone kipepeo?

Hapa Malindi mifano miwili inapatikana nyumbani. Uani kuna kipepeo wa mndimu (Papilio demodocus). Ukutani kuna nyigu wa udongo (Sceliphron spirifex), mweusi, kiuno chembamba cha manjano.

Kipepeo jike huonja jani kwa miguu. Akishajua ni la mndimu au mchungwa hutaga yai, akaenda zake. Kiwavi hujilisha mwenyewe. Angali mdogo hufanana na kinyesi cha ndege. Akikua huwa kijani, na ukimgusa huchomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali.

Nyigu jike humwandalia mwanawe kila kitu. Hufinyanga chumba cha udongo, huwinda buibui, huwadunga wapooze bila kufa, huwajaza humo pamoja na yai, kisha huziba mlango. Lava wake hana miguu, na ya nini, ilhali chakula kimemzunguka? La ajabu zaidi kwangu ni kwamba haendi haja mpaka amalize kula, hivyo hakichafui chakula chake. Halafu hujisokotea kifukofuko, akawa pupa gizani. Pupa wa kipepeo hana kifukofuko. Hukaa wazi kwenye kijiti, amejifunga uzi kama mkanda.

Pupa wote wawili hawali wala hawatembei, huku ndani sehemu nyingi za mwili wa lava zikivunjwa na mpya kujengwa. Utulivu huo ndio unaowawezesha wafugaji wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kupitia mradi wa Kipepeo ulioanza Gede mwaka 1993, kuuza pupa hadi ng'ambo. Kipepeo mzima angevunjika mabawa njiani.

Nawaomba wenzangu tusibomoe vijumba vya nyigu huyu kwa ufagio. Si mgomvi, na mwenye mwiba ni jike peke yake. Ukiona tundu la duara, kwa kawaida mtoto ameshatoka. Lisipokuwepo, huenda pupa bado yumo, anaota mabawa.