Soma kitenzi kwenye cheti chako

Mwezi uliopita aliketi mbele yangu mama mmoja mwenye faili la bluu. Ndani yake kulikuwa na vyeti kumi na kimoja, kila kimoja kwenye mfuko wake wa nailoni, vyote vya idara za elimu endelevu za vyuo vikuu, vyote na nembo na mihuri. Alivikusanya kwa miaka tisa, jioni na mwisho wa wiki, huku anafanya kazi na kulea. Akavipanga mezani kwa kufuata tarehe, akaniuliza: "Mwalimu, vikijumlishwa hivi, shahada yangu imebakiza muda gani?"

Juzi akaja mwingine na swali hilo hilo. Jana wa tatu akanipigia simu. Kazi yangu ni kuwashauri na kuwasajili watu wazima wanaorudi chuoni, na nimechoka kulijibu swali hili mtu akiwa ameshalipa ada, ameshatoa jioni zake mia, na mimi ndiye wa kumwambia kilichopaswa kusemwa siku ya kwanza. Basi naliandika hapa.

Imani yenyewe ni kwamba kozi ikitolewa na chuo kikuu, itahesabiwa kwenye shahada ya chuo kikuu. Sivyo. Chuo kile kile, chini ya nembo ile ile, hufundisha kozi za aina mbili. Ipo iliyopita kwenye seneti, chombo kikuu cha taaluma cha chuo, yenye ngazi, krediti na mtihani, na alama zake huingia kwenye transkripti, yaani rekodi rasmi ya masomo na alama zako. Ipo pia ambayo idara imeiandaa ili watu wapate ujuzi fulani haraka, bila kuipitisha huko kote. Hii ya pili haina ubaya wowote. Nimewaona watu wakipandishwa cheo kwa sababu yake. Ila kwenye shahada haihesabiki yenyewe, hata ukiwa nazo hamsini.

Sasa toa cheti chako. Acha nembo, acha saini, tafuta kitenzi.

Kikisema "amehudhuria" au "ameshiriki", karatasi hiyo inathibitisha kwamba ulikuwepo. Haisemi ulielewa nini. Kikisema "amefaulu", maana yake kuna mtu alisahihisha kazi yako na angeweza kukufelisha, na hilo la kuweza kufelishwa ndilo hasa anayepokea cheti hulitafuta. "Ametunukiwa" kwa kawaida huja na jina la tuzo yenyewe, astashahada, stashahada au shahada, na nyuma yake kuna chombo chenye mamlaka ya kuitoa.

Kinachonikera kuliko vyote ni "amekamilisha". Amekamilisha nini? Vipindi? Mazoezi? Malipo? Nimeliona neno hilo kwenye cheti cha mtu aliyefanya mtihani wa saa tatu na kuandika ripoti ya kurasa arobaini, na nimeliona kwenye cheti cha aliyebonyeza "endelea" hadi ukurasa wa mwisho. Anayetoa cheti anajua tofauti, anayekipokea hajui, na anayekuja kukisoma miaka mitano baadaye hana njia ya kujua. Wenzangu huniambia nakuza mambo ya maneno. Wangekaa upande wangu wa meza wamwangalie mama yule akinyooshea kidole neno hilo na kusema "lakini nimekamilisha", wangeacha kusema hivyo.

Tofauti hii si urasimu wa leo. Cambridge ilipoanza rasmi mihadhara yake ya nje ya chuo mwaka 1873, kwa ajili ya watu wa mijini ambao wasingeweza kwenda kuishi chuoni, mhadhara ulikuwa wazi kwa wote, kisha wachache walibaki kwa kipindi cha majadiliano, wakaandika majibu ya kila wiki, wakafanya mtihani mwishoni. Cheti kilikuwa cha hao wachache. Ukumbi mmoja, mhadhiri mmoja, safari mbili. Wale waliosikiliza tu walifaidi, na walijua wamekuja kusikiliza.

Turudi kwenye krediti, maana hapa pana mkanganyiko wa pili. Krediti si alama. Alama inasema umefanya vizuri kiasi gani. Krediti inasema umefanya kazi kubwa kiasi gani, katika ngazi gani, nayo ikapimwa. Katika mfumo wa Ulaya, mwaka mmoja wa masomo una krediti 60, zinazokadiriwa kuwa saa 1500 hadi 1800 za kazi ya mwanafunzi, yaani saa 25 hadi 30 kwa krediti. Uingereza huhesabu saa 10 kwa krediti, na mwaka mzima ni krediti 120. Marekani, krediti moja ni takriban saa moja darasani na mbili nje ya darasa kila wiki, kwa wiki kama kumi na tano. Kwa hiyo ukisikia mtu ana "krediti ishirini", bado hujaambiwa kitu mpaka ujue ni za mfumo upi.

Kuna pia yuniti ya elimu endelevu, inayotumika sana Marekani na kuigwa kwingine, ambapo yuniti moja ni saa 10 za mafunzo. Hii huwapoteza wengi, kwa kuwa inaitwa yuniti, inaandikwa kwa tarakimu, inatunzwa kwenye rekodi, na bodi za taaluma huiheshimu mtu anapohuisha leseni yake. Kwenye shahada si krediti. Mtu mwenye yuniti 12 anakuja akiamini ana krediti 12. Ana saa 120 za mafunzo, ambazo ni jambo jema, na hana krediti hata moja.

Mimi na yule mama tulijumlisha saa za vyeti vyake vyote. Tulipata 214. Nikamwandikia pembeni 1500, ya mwaka mmoja tu. Alizitazama namba hizo kwa muda mrefu, kisha akafunga kalamu yake.

Swali linalofuata huwa: basi nigeuzieni ziwe na krediti, nitalipa tofauti ya ada. Haiwezekani, na tatizo si ada. Kozi ambayo haikuwa na tathmini haiwezi kupewa tathmini baada ya kwisha. Hata pale ulipoketi katika somo halisi la shahada lakini ukajisajili kama msikilizaji tu, bila mtihani, hali hiyo hubadilishwa kabla ya tarehe fulani iliyo kwenye kalenda ya chuo, mara nyingi wiki chache baada ya muhula kuanza. Ikishapita imepita. Najua ni ukatili kwa mtu aliyejigundua wiki ya kumi kwamba anaweza, na nimewahi kuomba wapewe nafasi nikakataliwa.

Na hata ukiwa na krediti za kweli, anayeamua kuzipokea ni chuo unachokwenda, si kile ulichotoka. Kitaangalia ngazi, maudhui, alama uliyopata, na umri wa krediti zenyewe, maana programu nyingi hukataa zilizopitwa na miaka, hasa kwenye masomo yanayobadilika haraka. Vyuo vingi pia hudai sehemu fulani ya shahada isomwe kwao. Watu huniletea mkataba wa kimataifa wa UNESCO wa mwaka 2019 kuhusu utambuzi wa sifa za elimu ya juu, ulioanza kutumika 2023. Ni mkataba mzuri na ninaupenda, lakini umesainiwa na nchi. Haumlazimishi mkuu wa idara kuona kwamba warsha yako ya siku mbili ni sawa na somo lake la takwimu la muhula mzima.

Kuhusu umri nitasema haraka, maana huulizwa sana na jibu lake ni fupi. Kasi ya kushika mambo mapya hupungua, msamiati na maarifa uliyolimbikiza huendelea kukua hadi umri mkubwa. Mtu wa miaka hamsini husoma polepole na huuliza maswali bora. Usijisajili masomo manne muhula wa kwanza. Basi.

Pana mambo ambayo vipeperushi vya idara yangu haviyasemi. Mimi mwenyewe sina imani kamili na hizi saa. Kipimo cha kuhesabu masomo kwa saa kilienea Marekani kuanzia mwaka 1906, baada ya tajiri Andrew Carnegie kutoa fedha za pensheni za walimu wa vyuo, na taasisi iliyosimamia fedha hizo ikataka vyuo vinavyonufaika viwe na kipimo kimoja cha masomo ya sekondari ya wanafunzi vinaowadahili. Vyuo vikafuata, vikapima kwa saa na masomo yao vyenyewe. Kilikuwa kipimo cha muda, na pensheni ndiyo iliyokisambaza. Leo nampa krediti kijana aliyesoma saa 150 za usimamizi wa bohari na hajawahi kuingia bohari, na nakosa cha kumpa mama aliyeendesha bohari miaka kumi na minne. Yule mama kazi yake ndiyo hiyo. Nikijibu kwa kanuni niko sahihi, na bado jioni nikifunga ofisi moyo unakataa.

Ipo njia inayojaribu kuziba pengo hilo, nayo ni utambuzi wa mafunzo ya awali, yaani kuhesabiwa ulichokwisha kujifunza kazini au kwingineko. Ufaransa, tangu sheria ya mwaka 2002, mtu anaweza kuomba hata shahada nzima kwa ushahidi wa uzoefu wake wa kazi, mbele ya jopo. Kwingineko mara nyingi hupati zaidi ya msamaha wa masomo kadhaa. Hapa ndipo vyeti vya "amehudhuria" hupata thamani niliyovinyima juu, kwa sababu vinaingia kama sehemu ya ushahidi, pamoja na ripoti ulizoandika, taratibu ulizobuni na barua za wasimamizi. Lakini si kazi ya siku mbili. Jalada la somo moja, yaani faili la ushahidi huo, linaweza kukuchukua muda sawa na kulisoma somo lenyewe. Kuna watu nimewasukuma kwenye jalada ambao, nikitazama nyuma, wasingeumia sana kama wangekaa tu wafanye mtihani. Kuna mwingine nilimsisitizia mtihani, akaufeli, hakurudi tena. Yeye pengine alihitaji kwanza ile kozi ya kuhudhuria tu, izoee miguu yake njia ya darasani. Sijapata kanuni ya kunisaidia kujua nani ni nani.

Kwa anayetaka shahada na bado anaogopa, mimi hupendekeza ajisajili kama mwanafunzi asiye wa programu. Unachukua somo moja la shahada, unakaa na wanafunzi wa shahada, unafanya mtihani wao, na ukifaulu krediti ziko kwenye transkripti yako. Idara nyingi haziitangazi njia hii. Iulizie kwa jina.

Na kabla hujalipa chochote, andika barua pepe. Si simu, maana simu haina kumbukumbu. Uliza: Kozi hii ina krediti ngapi na za ngazi gani? Inapimwaje? Je, itaonekana kwenye transkripti au kwenye cheti tu? Ipo programu ya shahada inayoipokea, na ni ipi? Swali la mwisho ndilo linalowakwaza wauzaji wa kozi. Ukijibiwa "inaweza kukusaidia kuendelea na masomo", hujajibiwa. Mwaka 2022 Baraza la Umoja wa Ulaya lilipendekeza kwamba cheti cha kozi fupi kitaje angalau matokeo ya kujifunza, kiasi cha kazi, ngazi na aina ya tathmini. Hata ukiwa mbali na Ulaya, itumie orodha hiyo kupima karatasi unayoahidiwa. Na hifadhi silabasi. Usidhani chuo kitakutunzia. Nimeshuhudia mtu akinyimwa msamaha wa somo alilolisoma kweli, kwa kuwa idara ilishaifuta kozi na hakuna aliyeweza kueleza ilifundisha nini.

Yule mama alikuwa na silabasi tatu, amezikunja nyuma ya vyeti vyake ndani ya ile mifuko ya nailoni. Tukazichomoa. Mbili kati ya hizo zilikuwa za kozi zenye mtihani uliosahihishwa, ingawa vyeti vyake viliandikwa "amekamilisha". Tuliwaandikia waliozitoa, wakathibitisha alama. Kitivo kimekubali moja, kikamsamehe somo la utangulizi, nyingine kimeikataa kwa kuwa ina zaidi ya miaka saba. Jalada la bohari ameanza kuliandika. Muhula ujao amejisajili somo moja la takwimu, akiwa mwanafunzi asiye wa programu, na mtihani juu.