Mkopo bila hati ya shamba

Kwa miaka mingi Wakenya tumeaminishwa kwamba asiye na hati ya shamba hana dhamana ya kupeleka benki. Sivyo. Sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika inaruhusu ng'ombe, mashine, bidhaa za dukani, mazao yaliyo shambani, hata pesa unazowadai wateja wako, kuwekwa dhamana. Tena mali hubaki kwako ukiitumia: cherehani inashona, ng'ombe anakamuliwa. Hili ndilo wengi hawajaambiwa, na linaniuma.

Mkopeshaji hulindwa na taarifa anayoisajili katika daftari la kielektroniki lililo wazi kwa yeyote kulipekua. Wawili wakidai mali ileile, kwa kawaida aliyesajili mapema hutangulia. Zamani mambo haya yalitawanyika katika sheria kadhaa, nyingine za enzi ya ukoloni.

Ukishindwa kulipa, mali inaweza kuchukuliwa na kuuzwa. Wala benki hailazimiki kukukopesha. Itapima thamani ya mali na uwezo wako. Ila afisa akisema sheria inadai shamba, mwulize ni sheria ipi.