Mauaji ya kulengwa: serikali inapomuua raia wake nje ya nchi

Mauaji ya kulengwa ni hatua ya serikali kumteua mtu kwa jina, kumfuatilia, kisha kumuua pasipo kesi wala hukumu, kwa hoja kwamba ni adui wa vitani. Siku hizi silaha huwa mara nyingi ni kombora la droni. Mambo huwa mazito zaidi mtu huyo anapokuwa raia wa serikali hiyohiyo.

Kisa kinachotajwa sana ni cha Anwar al-Awlaki. Alizaliwa New Mexico, Marekani, mwaka 1971, akawa imamu hukohuko, baadaye akahamia Yemen na kuwa mhubiri mashuhuri wa al-Qaeda. Marekani ilimhusisha na jaribio la kulipua ndege iliyokuwa ikienda Detroit siku ya Krismasi 2009. Septemba 30, 2011, droni za CIA, shirika la ujasusi la Marekani, zilimuua Yemen, pamoja na Samir Khan, naye Mmarekani.

Utetezi wa serikali ya Obama ulikuwa huu: Bunge liliruhusu vita dhidi ya al-Qaeda mwaka 2001, kumkamata hakukuwezekana, na alikuwa tishio la karibu. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo inayobeba mzigo wote. Polisi akimpiga risasi jambazi aliyemwelekezea mateka bunduki kichwani, wachache watamlaumu, maana hapakuwa na nafasi ya kumwita hakimu. Lakini waraka wa Wizara ya Sheria uliovuja mwaka 2013 ulisema tishio laweza kuhesabiwa la karibu hata kama hakuna ushahidi wa wazi kwamba shambulio fulani liko njiani. Kwa kipimo hicho, sijui ni mshukiwa gani angesalimika.

Tena muda ulikuwepo. Baba yake, Nasser al-Awlaki, alikwenda mahakamani Agosti 2010 kuomba serikali izuiwe kumuua mwanawe, zaidi ya mwaka mzima kabla ya kuuawa kwake. Wanasheria wa serikali walikuwa wameshapata nafasi ya kuandika waraka mrefu wa siri kuhalalisha mauaji hayo. Nafasi ya jaji kuutazama ushahidi ndiyo iliyokosekana. Jaji John Bates aliitupa kesi Desemba 2010, akisema baba hana haki ya kushtaki kwa niaba ya mwanawe na kwamba suala lenyewe si la mahakama kuliamua. Hata hivyo, katika hukumu hiyohiyo aliuliza inakuwaje kibali cha mahakama kihitajike kumchunguza kwa siri Mmarekani aliye ng'ambo, lakini kisihitajike kumuua.

Mwanasheria Mkuu Eric Holder alijibu kwa namna yake Machi 2012: Katiba inaahidi utaratibu wa haki, haisemi lazima upitie mahakamani. Yaani maofisa wakikaa wakapima kwa makini, inatosha. Basi anayeshtaki, anayehukumu na anayefyatua kombora wote ni ofisi moja.

Wiki mbili baada ya al-Awlaki, shambulio jingine la Marekani huko Yemen lilimuua mwanawe Abdulrahman, mzaliwa wa Denver, mwenye miaka 16. Serikali ilikuja kusema hakuwa amelengwa.

Wapo wanaouliza kwa nini kelele zote ziwe za raia, kwani damu ya Myemeni ni maji? Wana haki. Uraia hauongezi thamani ya uhai. Unachompa mtu ni mlango wa kubisha, na mlango huo serikali yaweza kuung'oa. Bilal al-Berjawi na Mohamed Sakr, vijana wa London, walivuliwa uraia wa Uingereza mwaka 2010, na mapema 2012 makombora ya Marekani yakawaua Somalia. Reyaad Khan wa Cardiff aliuawa Syria na droni ya Uingereza Agosti 2015 angali raia, na Waziri Mkuu wa wakati huo, David Cameron, alilazimika kusimama bungeni kueleza kwamba ilikuwa kujilinda. Berjawi na Sakr, kisheria, walikuwa wameshakuwa wageni.