Meli haina kosa: kuhusu vitasa vya stenlesi na hewa ukaa

Juzi nimeambiwa tena. Mteja kaweka ramani ya nyumba mezani kwangu, milango 24, halafu akavisogeza pembeni vitasa vya stenlesi nilivyompangia. "Hivi sivitaki kaka. Vimetoka China na meli, vinachafua mazingira. Nitafutie vya karibu."

Hii ya meli nimeisikia hadi nimechoka, kwa hiyo nikampa kalamu tupige hesabu pamoja.

Seti moja ya mlango, mikono miwili na vibati vyake, tuseme ina kilo moja ya stenlesi ya 304, yaani daraja la kawaida la chuma kisichoshika kutu. Meli ya makontena hutoa gramu 10 hadi 20 za kaboni dioksidi, ndiyo hewa ukaa, kwa kila tani kwa kila kilomita. Kutoka kusini mwa China hadi bandari ya Dar es Salaam weka kilomita 10,000. Kwa kilo yako hiyo moja ni gramu 100 hadi 200, basi. Lori la kuitoa Dar kuipeleka Mwanza, kilomita 1,100 na ushee, linaweza kutoa karibu kiasi hicho hicho, na sijawahi kuona mteja wa Mwanza akililalamikia lori.

Sasa rudi nyuma, kabla kitasa hakijawa kitasa. Stenlesi ya 304 ina nikeli asilimia 8 hivi, maana yake gramu 80 kwenye kilo yako. Nikeli nyingi ya siku hizi inatoka Indonesia, kisiwa cha Sulawesi hasa, inakoyeyushwa kwa umeme wa makaa ya mawe. Tani moja ya nikeli ya njia hiyo inaweza kutoa tani 50 za kaboni dioksidi au zaidi. Zidisha gramu 80 kwa 50: kilo 4 za hewa ukaa. Hiyo ni mara 20 ya safari nzima ya baharini hata ukichukua meli chafu, na bado hatujaigusa kromu, ambayo ni asilimia 18 ya mali hiyo. Kromu huja kama ferokromu, yaani kromu iliyochanganyika na chuma, na tani moja ya ferokromu hula umeme zaidi ya uniti 3,000. Familia inayotumia uniti 100 kwa mwezi ingekaa nazo miaka miwili na nusu. Afrika Kusini, mchimbaji mkubwa kuliko wote wa madini ya kromu, umeme wake mwingi unatokana na makaa ya mawe.

Kitasa kilekile, umbo lilelile, kikitengenezwa kwa stenlesi ya chuma chakavu iliyoyeyushwa kwa umeme safi, kinaanza na kilo 2 hivi za hewa ukaa badala ya 6 au 7 za ile njia ya makaa. Kwenye kiwanda cha Tornio, Finland, wanayeyusha chakavu kwa wingi na kromu yao inatoka mgodi wa Kemi, jirani tu. Ukiniletea kitasa cha chuma hicho kwa meli kutoka Ulaya, sina neno.

Na hivyo "vya karibu"? Bomba la stenlesi analokunja fundi wa Gerezani, hapa Dar, nalo limeshuka bandarini. Limekunjwa karibu, halikuyeyushwa karibu.

Kuna mwenye nyumba aliyewahi kunipa somo refu la meli, kisha bawaba zikasahaulika kwenye oda. Alikuwa na harusi ya binti yake, hakuweza kusubiri. Kilo 60 za bawaba zikaja kwa ndege! Ndege hutoa makumi ya mara ya meli kwa mzigo uleule. Nilizifunga, nikanyamaza.

Ukitaka kuuliza swali la maana dukani, uliza chuma kimeyeyushwa wapi na chakavu ni asilimia ngapi. Cheti cha kiwanda kitakuonyesha mchanganyiko wa madini na vipimo vya nguvu ya chuma, si hewa ukaa. Hewa ukaa imo kwenye tamko la mazingira la bidhaa, na muuzaji asiyekuwa nalo asikupigie kelele za "kijani".

Halafu sumaku. Watu wanakuja nayo mfukoni: ikinasa, feki. Stenlesi ya 430 inanasa sumaku na ni stenlesi halali, tena haina nikeli, kwa hiyo mzigo wake wa hewa ukaa ni mdogo. Chumba cha kulala Dodoma inatosha kabisa. Ile 201 hainasi, unafurahi, kumbe nikeli imepunguzwa ikawekwa manganisi, na ukiifunga Kigamboni, kwenye upepo wa bahari, itatoa madoa ya rangi ya chai mapema sana. Hata 304 halisi hunasa kidogo pale ilipokunjwa. Ufukweni funga 316, yenye molibdeni, hata kama inaanza na hewa ukaa zaidi. Kitasa cha bei rahisi ukikibadilisha mara tatu, umeyeyusha chuma mara tatu.

Kwamba stenlesi ya chakavu ni dhaifu: si kweli. Kila mkupuo wa tanuri hupimwa na kurekebishwa kabla ya kumiminwa, na nikeli iliyomo haijui kama jana ilikuwa sinki la jikoni.

Kwamba kizito ndicho bora: mkono wa chuma kilichojaa hadi ndani una uzito mara mbili au tatu ya ule wa bomba, na hewa ukaa inapanda nao. Mlango wa chumbani unafungua kwa kiganja, si kwa nyundo.

Na tafadhali, mkono ukilegea ukaning'inia, mara nyingi ni springi. Springi ni gramu chache. Nina kopo zima la springi chini ya meza, na kila wiki bado naletewa vitasa vizima vya kutupa.